Chupa Haikutaja Mwezi

Shemeji yangu ana tabia ya kusoma kwa sauti maandishi yoyote yanayofika mezani, iwe ni tarehe ya mwisho ya maziwa au onyo lililo nyuma ya kiberiti. Ndiyo maana, usiku mmoja mwanzoni mwa Agosti nyumbani kwake Mbezi, mgeni alipoweka mezani chupa ya mvinyo mwekundu wa Malbec kutoka Argentina, yeye ndiye aliyeigeuza na kutusomea kwamba zabibu zake zimelimwa mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Andes, na kwamba usiku wa baridi wa huko ndio unaoupa mvinyo huo rangi nzito na ladha iliyochangamka. Tulitikisa vichwa kwa heshima, kama watu waliotajiwa cheo cha mtu wasiyemjua.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote: "Na Dodoma iko mita ngapi?"

Hakuna aliyejua. Dada yangu akachukua simu, akatafuta, akasoma jibu: mita 1,100 na ushei.

Katika kabati lililokuwa nyuma yetu ilisimama chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Ilikuwa pale tangu Krismasi, imefunguliwa mara moja, na kazi yake ilikuwa kulainishia nyama.

Kiburi cha wiki mbili

Kwa wiki mbili nilitembea na namba ile kama mtu aliyeambiwa ukubwani kwamba babu yake alikuwa mtemi. Nilianza hata kuandika makala, si hii bali nyingine yenye majigambo, nikidai kwamba miaka yote hii tumekuwa tukiuziwa mvinyo wa nyanda za juu kwa bei ya chini bila kujua tulichonacho, na kwamba kilichotukosesha sifa ni lebo tu. Aya ya kwanza ilinipendeza sana.

Aya ya pili iligoma.

Ilinigomea kwa sababu nilitaka kueleza ladha, na kueleza ladha kulinilazimu kunywa. Chupa ya kabatini niliisamehe, kwa kuwa hakuna mvinyo unaoweza kukaa wazi miezi minane karibu na jiko ukabaki na heshima yake. Nikanunua nyingine mpya Kariakoo, na siku chache baadaye nyingine ya lebo ileile katika duka la Mwenge. Ile ya kwanza ilikuwa laini, ya rangi hafifu, yenye ladha ya tunda lililopikwa, bila ule uchachu unaoyaita mate. Ya pili ilikuwa na rangi zaidi, na uchachu huo ilikuwa nao. Lebo moja, kiwanda kimoja, mwaka mmoja, lakini zilifanana kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, si kama mapacha.

Nilijiambia kuwa ni joto la dukani. Sikujiamini.

Waliopanda kutafuta baridi

Ikanibidi kurudi nyuma na kuuliza mwinuko unafanya nini hasa, kwa maana mita hazionjeki. Kinachoonjeka ni vitu vinavyokuja na mita hizo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6 na nusu, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10. Zabibu hujikinga na mionzi hiyo kwa kutengeneza rangi zaidi, na tanini zaidi, yaani kile kinacholeta ukakasi, katika ganda lake, na kwa kuwa mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, rangi hiyo na ukakasi huo huishia katika glasi. Baridi ya usiku nayo ina kazi yake. Tunda huendelea kupumua jua likishazama, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo linavyoitumia asidi yake kwa haraka, hata likaiva likiwa na sukari nyingi na uchangamfu kidogo.

Waargentina wanalijua hilo kwa miguu yao. Malbec, aina ya zabibu iliyoupa mvinyo ule jina, ilizaliwa kusini-magharibi mwa Ufaransa, pande za Cahors, kwenye vilima visivyotisha mtu. Ilifika Mendoza mwaka 1853, wakati mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, alipokabidhiwa shamba la mafunzo lililopiganiwa na Sarmiento, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo. Jiji la Mendoza liko karibu na jangwa, likipata mvua ya takribani milimita 200 tu kwa mwaka, na mizabibu yake hunyweshwa maji ya theluji iliyoyeyuka milimani na kushushwa kwa mifereji. Jua halikuwa tatizo kamwe. Kilichopungua ni ubaridi, kwa hiyo waliotaka mvinyo mwekundu mkali zaidi wakaanza kupanda mlima. Mwaka 1992 Nicolás Catena alipanda shamba la Adrianna huko Gualtallary, karibu mita 1,500, mahali palipodhaniwa kuwa na baridi mno kwa zabibu nyekundu kuiva. Kaskazini zaidi, katika jimbo la Salta, kuna kampuni ya Colomé, iliyoanza mwaka 1831, ambayo shamba lake la Altura Máxima liko mita 3,111. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue kwamba hapo ni juu kuliko kibanda cha Mandara.

Nilipofika kwenye Salta ndipo kiburi changu kilipoanguka.

Kwa nini Salta wapande juu kuliko Mendoza? Kwa sababu wako karibu zaidi na Ikweta. Mendoza iko nyuzi 33 kusini, na mabonde ya Salta yako nyuzi 25 au 26, hivyo kinachopotea kwa kusogea kaskazini hurudishwa kwa kupanda juu. Ukiifuata hesabu hiyo hadi nyuzi 6, ilipo Dodoma, mita 1,100 si jambo la kujivunia hata kidogo. Kwa kipimo cha Salta, Dodoma ni bondeni. Namba ile iliyotufanya tujisikie ndugu wa Andes ilikuwa namba ileile iliyobeba maana nyingine kabisa, na makala yangu ya majigambo niliifuta usiku huo huo.

Hata hivyo, chupa ya pili ilikuwa na uchachu. Hilo sikuweza kulifuta.

Treni inapopanda

Mwanzoni mwa Oktoba nilipanda SGR kwenda Dodoma. Safari yenyewe sasa haifiki saa nne, na ubaya wa treni ya umeme ni kwamba unapanda mlima bila kuusikia. Zamani basi lingekukumbusha kila kona. Morogoro ni karibu mita 500. Baada ya hapo ardhi inazidi kuinuka, kijani kinakwisha polepole, na mibuyu na majabali ya matale vinaanza kujitokeza. Unaposhuka kituoni, shati lililokuwa limegandana na mgongo tangu Dar es Salaam limekwisha kukauka.

Ukavu huo ndio nilioanza kuutafakari. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 na kitu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Wamisionari Wakatoliki waliopanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, wakitaka divai ya misa, hawakuja kutafuta mwinuko; nadhani walitazama ukavu ule na mchanga ule, wakaona vinafanana na makwao. (Neno divai limebaki la altareni, mvinyo likaenda dukani, na wakulima wenyewe kinachowahusu hasa ni mchuzi wa zabibu, yaani kile kinachokamuliwa na kuuzwa kwa viwanda kabla hakijapewa jina lolote la kifahari.)

Kwa mjuzi wa mizabibu, Dodoma haikupaswa kuwa kwenye ramani. Mizabibu ya mvinyo hukaa kwa kawaida kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini na kusini, kwa sababu mmea huu huhitaji usingizi. Kule baridi ya kipupwe huja, majani huanguka, mti hulala, na majira ya kuchipua huyaamsha macho yake yote, yaani vichipukizi, kwa pamoja. Ukiupanda tambarare za pwani yetu, hauoni sababu ya kulala wala ya kuamka, na hujichosha kwa kuchipua ovyo mwaka mzima huku ukungu ukiula.

Mzee na mkasi

Rafiki mmoja alinipeleka kwa mzee anayelima ekari mbili upande wa Hombolo. Nilimwamkia "Mbukwenyi", Kigogo changu chote kikaishia hapo, naye akacheka na kunirudisha kwenye Kiswahili kwa huruma. Alikuwa ameanza kupogoa mistari ya kwanza. Shamba lilionekana kama limekufa: nguzo, nyaya, na mashina meusi yaliyobakiziwa vikonyo vifupi vyenye macho mawili au matatu.

Nilimuuliza mizabibu yake hulala lini.

"Huku mzabibu hauna mwaka wake, mwanangu," alisema bila kuacha kukata. "Nikiukata leo, leo ndiyo mwaka mpya wake."

Akanieleza utaratibu. Baada ya mavuno anauacha mti upumzike, majani yazeeke, udongo ukauke. Kisha anapogoa. Wiki mbili hivi baadaye macho yanafumbua, na miezi minne na kitu tangu siku ya mkasi, zabibu ziko tayari. Anayekata Oktoba au Novemba anavuna Februari au Machi, na anayekata Aprili au Mei anavuna Agosti au Septemba. Mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo Mendoza hawawezi hata kuliota.

Nilikwisha kulisikia hili mara nyingi, na nyie pia, maana kila kiongozi anayefika Dodoma hulitaja jukwaani kama neema. Sikuwahi kulisikia nikiwa nimesimama karibu na mkasi. Pale ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimetumia wiki kadhaa kuuliza Dodoma iko juu kiasi gani, wakati mtu huyu, kwa kuchagua siku ya kukata, ndiye anayeamua zabibu zake zitaivia katika hali ya hewa ipi.

Machi na Agosti

Tuyatazame mavuno yenyewe.

Zabibu za Machi huivia kwenye masika ya Dodoma. Usiku wa Januari na Februari joto huzunguka nyuzi 18 au 19, mawingu hulifunika jua mchana, tunda hunyonya maji, na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hupata sherehe yao, kiasi kwamba mkulima hupiga dawa kila mara na mara nyingine huvuna kabla ya wakati ili asipoteze kila kitu. Zabibu za Agosti huivia kwenye kipupwe kikavu. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, mbingu ni nyeupe, jua la mchana ni kali lakini hewa si ya kuchemka, na hakuna tone la mvua la kuizimua sukari.

Kwa maneno mengine, mita 1,100 zipo shambani mwaka mzima, lakini zinaingia ndani ya zabibu mara moja tu kwa mwaka. Baridi ambayo Salta huifuata juu mlimani, Dodoma huja yenyewe kwa miezi michache, na anayeivuna ni yule aliyekata Aprili.

Hapo nikazikumbuka chupa zangu mbili, ile ya Kariakoo na ile ya Mwenge. Mwaka ulioandikwa ulikuwa mmoja. Mwezi haukuandikwa. Chupa ya Ulaya haihitaji kuutaja, maana kwao mwaka una mavuno mamoja. Sisi tumeazima desturi ya kuandika mwaka kutoka kwa watu ambao mizabibu yao hulala.

Niseme pia kwamba mfano wa Mendoza haufiki mwisho hata kwa Agosti. Zabibu zao huiva polepole chini ya jua la kiangazi ambalo Desemba hukaa angani kwa zaidi ya saa 14, wakati sisi, karibu na Ikweta, siku yetu ni ya takribani saa 12, iwe Januari au Julai. Tunda letu halipati muda ule. Sidhani kama Dodoma itatoa Malbec ya Gualtallary, na sioni kwa nini ijaribu, hasa ikiwa ina aina zake kama ile nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, kilipo kituo cha utafiti, ambazo zimekwisha kuuzoea mkasi wa pale.

Lori

Nilimwambia mzee, kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo ambalo mwenyeji analijua tangu utotoni, kwamba basi afadhali aache mavuno ya Machi na kuziweka nguvu zote kwenye Agosti.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama ningemlipia ada ya watoto iliyokopwa Januari.

Machi ndiyo inayolipa deni hilo. Tena Machi hunyeshewa bure, ilhali Agosti inataka maji, naye hana kisima. Jirani mwenye umwagiliaji wa matone hupata vishada vizito, yeye hutegemea unyevu uliobaki ardhini. Na kuna jambo la lori. Zabibu haingoji. Mnunuzi anapochelewa, tunda linalegea, nyuki na ndege wanalifikia, na bei inashuka kila siku. Mnunuzi anapowahi, huvunwa lisiloiva, na kile kifaa kidogo cha kupimia sukari, kinachochunguliwa kama darubini, kinaonyesha namba ambayo mkulima ataadhibiwa kwayo. Mwaka mmoja, alisema, aliwahi kusubiri lori siku tisa. Tarehe ya mavuno yake, iliyo moyo wa mvinyo wowote duniani, haikuamuliwa na ulimi wala na kipimo, bali na ratiba ya dereva.

Tangu siku hiyo sijaweza kuusikia mvinyo wa Dodoma ukiitwa mbovu bila kujiuliza ni nani hasa anayetukanwa.

Matangi mawili

Siku iliyofuata, mjini, dada mmoja anayesimamia kiwanda kidogo alikubali kunionjesha kutoka matangi mawili. Mkulima mmoja, aina moja ya zabibu, chachu ileile, vuno la Machi na vuno la Agosti. Mashindano hayakuwa ya haki kabisa, kwa kuwa la Machi lilikuwa limekwisha kutulia miezi sita na la Agosti bado lilikuwa na ukorofi wa ujana, lakini sikuhitaji kuambiwa lipi ni lipi. Machi ulikuwa wekundu wa kuona mwanga upande wa pili, mpole, wa kunyweka upesi. Agosti uliziba mwanga, ukakaza ufizi, ukaniacha nikitafuta chakula.

Nilimuuliza kwa nini hauzi huu peke yake. Akasema wakati mwingine huchanganya, ili wateja wasishangae, na wakati mwingine tangi moja huisha kabla ya lingine nao hutia kwenye chupa kilichopo. Hivyo nilipata jibu la Kariakoo na Mwenge, angalau jibu linalowezekana. Kisha akaongeza jambo ambalo bado linanisumbua: wateja wake wengi, wakionjeshwa matangi yote mawili, huchagua Machi.

Nilibisha moyoni. Halafu nikakumbuka baa za nyumbani, na jinsi Dompo, mvinyo mtamu na mzito, unavyonywewa na watu waliochoka kwa kazi ambao hawahitaji kinywaji cha kubishana nao. Huenda uchachu ninaousifu si sifa ya Dodoma bali ni masikio niliyofundishwa na lebo ya Argentina, nikaenda kuutafuta mlima wa watu wengine ndani ya tangi la Wagogo. Nimelizungusha hilo kichwani kwa wiki kadhaa. Bado nauchagua Agosti, ila sasa sijui kama nauchagua kwa ulimi wangu wote.

Mbezi tena

Dada yule alinijazia chupa moja kutoka tangi la Agosti. Haikuwa na lebo, hivyo akabandika kipande cha karatasi ya gundi na kuandika neno moja kwa kalamu ya wino. Niliibeba kwenye treni nikiwa nimeipakata, tukashuka pamoja kutoka mita 1,100 hadi baharini, na Jumapili nikaiweka mezani kwa shemeji.

Aliigeuza mara mbili akitafuta pa kusoma. Hakukuwa na Andes, hakukuwa na mita.

"Agosti," akasoma kwa sauti.

Akamimina, akainua glasi kwenye taa, akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Nilimweleza yote, kuanzia Salta hadi kwenye lori, naye alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na ya Machi iko wapi?" akauliza.

Sikuwa nimeileta.